Herufi Tano Chini ya Ziwa

Nilianza kujifunza kupiga picha chini ya maji nikiwa na miaka arobaini na tatu, nikiwa sijui kuogelea, na kifaa changu cha kwanza kilikuwa kile kimfuko cha plastiki ambacho watu wa bodaboda huvalia simu shingoni wakati wa mvua. Nilijaza maji pipa lililo nyuma ya studio yangu hapa Nakuru, nikatumbukiza kijiko, nikatumbukiza na mkono wenye simu mpaka kwapani, nikabonyeza. Nilipata picha ya kidole gumba changu. Simu yenyewe haikulowa, na siku hiyo nililihesabu hilo kuwa ushindi.

Wengi wanaoanza mambo haya huanza kwa raha zao. Nimewaona kwenye video wakishuka kwenye maji ya buluu, wamezungukwa na samaki wa kila rangi, wanaonyeshana ishara kwa vidole na kucheka ndani ya miwani. Mimi nilitaka kupiga picha ya kipande cha zege, upana wake kama wa meza ndogo ya chai, kilicholala chini ya Ziwa Naivasha. Juu ya zege hilo mke wangu aliandika kwa kidole herufi tano. Ni jina la binti yetu, aliyekaa nasi wiki kumi na moja.

Kazi yangu ni picha na sijawahi kuwa na nyingine. Studio ni chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Ukutani kuna kioo, chini ya kioo kuna kitana, kopo la vaselini, tai iliyokwisha kufungwa, na koti moja jeusi linalovaliwa na kila anayekuja kupigwa picha ya pasipoti, awe mwembamba au mnene. Nina ugonjwa mmoja ambao wateja hunitania kwa ajili yake. Siwezi kubonyeza kama kitu hakiko sawa. Nikiona uzi begani lazima niutoe, nikiona jasho lazima nilipanguse. Nimewahi kumsimamisha marehemu getini, jeneza likiwa begani mwa wanaume sita, kwa sababu shada la maua lilikuwa limelala upande. Walinitukana, na walikuwa na haki.

Basi mtu kama huyo ungetarajia awe na picha za mwanawe za kujaza ukuta.

Na zilikuwepo. Hilo ndilo jambo ninaloamka nalo. Nilimpiga picha arobaini na kitu alipotimiza wiki nane, asubuhi, kitandani, mwanga ukiingia kwa dirisha la upande. Zilikuwa picha nzuri, na sisemi hivyo kwa sababu alikuwa wangu, maana picha nzuri naijua nikiiona. Kwenye moja alikuwa amegeuza kichwa na ile alama yake ikaonekana, kidoa cheusi nyuma ya sikio la kushoto, ukubwa wa punje ya dengu. Mke wangu wakati huo alikuwa na kabambe, simu ya vibonyezo. Kwenye simu yangu mimi kulikuwa na picha mbili tu za mtoto, zote giza, na siku chache baadaye simu hiyo ikachomolewa mfukoni mwangu stendi. Sikujali sana. Za kweli zilikuwa kwenye kadi ya kamera.

Wiki iliyofuata nilikuwa na harusi Mau Narok. Baridi ya asubuhi kule inatia vidole ganzi. Bibi harusi ndiye huyo anatoka kwao, akina mama wanaimba getini, na kamera ikaniambia kadi imejaa. Nikatoa nyingine mfukoni. Ilikuwa na picha ndani. Nikajiambia hizo nimeshazihamishia kwenye kompyuta. Kamera iliniuliza kama nina hakika nizifute, kwa sababu kamera huuliza, na kidole kikajibu kwa mazoea kabla kichwa hakijafikiri. Siku hiyo nilipiga picha mia nane juu ya kadi ile.

Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba picha zilizofutwa zinaweza kurudishwa, mradi hujapiga nyingine juu yake. Mimi nilipiga harusi nzima. Mahali palipokuwa na uso wa mwanangu kuna watu nisiowajua wakilishana keki.

Niligundua Jumatatu, nilipofungua kompyuta na kukuta faili halipo. Wakati huo mtoto alikuwa hai, sebuleni, analilia kunyonya. Nilishtuka kidogo tu. Nikasema nitampiga tena Jumapili. Jumapili ilipofika nikaitwa Gilgil kwenye sherehe ya mahari. Jumapili iliyofuata alikuwa wodini na nimonia, na kabla ya Jumapili nyingine tukawa tumemzika.

Kwetu mtoto mdogo hivyo huzikwa haraka na kimya. Hakuna hema, hakuna spika, hakuna kile kijitabu chenye wasifu na picha ya rangi kwenye jalada. Tulimpeleka kwenye shamba la baba yangu, nusu ekari karibu na ziwa, Naivasha. Sikubeba kamera. Shangazi yangu aliniambia kabla hata sijauliza, "Katoto kama haka hakapigwangi picha." Siku iliyofuata wanawake wa kanisa walikuja nyumbani Nakuru wakachukua nguo zake, beseni lake na blanketi, ili mama yake asiwe akiviona. Walifanya kwa upendo, ndivyo inavyofanywa. Kilichobaki ni kitabu cha kliniki chenye mchoro wa uzani na nukta tatu za kalamu.

Baada ya wiki moja tulirudi kuweka zege juu ya kaburi. Fundi alimwaga, akaenda kwenye kibarua kingine. Kesho yake nikapaka niru mwenyewe, yaani ule uji wa saruji tupu unaofanya juu kuwe laini. Fundi yeyote angekuambia umwagie zege maji kwanza ili niru ishike. Mimi niliipaka juu ya zege lililokauka kabisa, kwa haraka, kwa sababu mke wangu alikuwa amesimama juani na nilitaka tumalize aondoke. Akainama, akaandika jina kwa kidole. Herufi ya mwisho ilienda upande kwa sababu hapo ndipo alipoanza kulia. Nilitaka kuinyoosha, akanishika mkono.

Alipopata nguvu aliniuliza zile picha za kitandani. Nilimwambia kadi imekufa. Kisha nikaukoleza uongo. Nilisema nimeipeleka Nairobi kwa fundi wa kompyuta, nikaacha wiki mbili zipite, nikamwambia imeshindikana. Alinishika bega akaniambia pole. Mke wangu alinipa pole mimi, na mimi nikaipokea.

Miaka ikapita, na ziwa likaanza kupanda. Kila mtu ana maelezo yake kuhusu maji haya, wengine mvua, wengine misitu, wengine Mungu, na baba yangu husema ziwa limekuja kuchukua lililokuwa lake zamani. Kwanza mboga zilioza shambani. Kisha choo kikajaa. Tulisema tumhamishe mtoto, lakini kufukua kaburi kunataka ruhusa, na ruhusa inataka ofisi, na tulipokuwa bado tunaulizana nani aende ofisi gani, viboko walikuwa wakilala kwenye ua. Baba akahamia kwa ndugu yake, huko Kabazi, na ng'ombe mmoja. Mara ya mwisho tulipokwenda tulisimama mbali barabarani, tukaona paa la nyumba na mlingoti wa stima. Msimu uliofuata paa nalo halikuonekana.

Siku moja tunakunywa chai alasiri, mke wangu akaweka kikombe chini, akaniambia, "Wewe umepiga picha maiti za watu wote hii Nakuru. Enda umpige na yeye."

"Iko chini ya maji, mama."

"Si naskia watu hupiga picha huko chini? Hata kama ni jina tu. Ile kadi ilikufa, sawa. Hii nayo haijakufa."

Ningeweza kumwambia ukweli siku ile. Badala yake nikaenda kujaza pipa.

Bwawa la kuogelea nililojifunzia ni la hoteli moja hapa mjini. Mwalimu alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka mingi, na wanafunzi wenzangu walikuwa watoto wa darasa la pili waliovaa maboya ya mikononi. Walijua kuelea kabla yangu. Nilikunywa maji ya dawa mpaka ulimi ukabadilika. Mwalimu alinisimamia ukingoni akisema, "Mzee, wacha kupigana na maji, hayana shida na wewe." Sikumwambia kwamba mimi ndiye nilikuwa na shida nayo. Ilinichukua miezi mitatu kuweza kuzama, kufungua macho na kukaa chini nikihesabu hadi arobaini.

Nilinunua kamera ndogo kuukuu pamoja na kasha lake la plastiki ngumu. Kasha hilo hufungwa kwa mpira mwembamba wa duara, na mpira huo ndio uhai wote wa kamera. Unaufuta, unaupaka mafuta yake, unautazama kwenye mwanga. Mimi niliufuta, nikaupaka, nikautazama, na bado unywele mmoja wa ndevu zangu ukalala juu yake bila mimi kuuona. Kamera ya kwanza ilikunywa maji ya bwawa mbele ya macho yangu, mapovu madogo yakipanda kwa utulivu. Nikatafuta ya pili. Tangu hapo nikawa nanyoa kidevu kila ninapofunga kasha.

Yale niliyokuwa nikiyajua kwa miaka ishirini hayakunisaidia kitu. Maji hula rangi, nyekundu kwanza, na kadiri unavyoshuka kila kitu kinakuwa kijani cha mgonjwa. Maji hula umbali pia. Kitu unachokiona ni cha kushika kumbe hukifikii. Dawa yake ni kusogea karibu, na ukidhani umesogea vya kutosha, usogee tena. Flashi ukiielekeza moja kwa moja inaangaza taka zote zilizo katikati yako na kitu chenyewe, na unapata picha ya mvua ya mawe. Na sheria kubwa kuliko zote, niliyoisoma mara nyingi hadi nikaiota, ni kwamba usiguse chini. Ukigusa tu, tope litanyanyuka na kazi yako itakuwa imekwisha. Unaelea, unangoja, unapiga, unaondoka, na kitu unakiacha kama ulivyokikuta.

Nilikwaruza herufi kwenye kigae, nikakizamisha bwawani, nikafanya mazoezi mpaka nikapata picha inayosomeka. Nilimwonyesha mke wangu. Aliitazama, akauliza kama ziwani maji ni safi hivyo. Nikamwambia tutaona.

Niliteremka Naivasha siku ya katikati ya wiki, asubuhi, kwa sababu mchana upepo huvuruga ziwa. Mwenye boti ni mtu wa rika langu anayetembeza wageni kuona ndege.

"Niaje boss. Ni ndege unataka ama ni hippo?"

"Nataka kuzama."

Akanitazama kutoka viatu hadi kichwa. "Kuzama aje? Hiyo si biashara yangu."

"Ni kupiga picha. Huko chini kuna kaburi."

"Ya nani?"

"Ya msichana wangu."

Alivua kofia, akairudisha. "Ingia. Lakini nikigonga boat mara mbili na hii kasia, wewe toka mbio. Usiulize ni nini."

Tulipita kwenye akasia zilizokufa zikiwa zimesimama, nyeupe, ndege wa maji juu ya kila tawi. Mlingoti wa stima wa baba ulikuwa bado unachungulia, umeinama. Kutoka hapo nilijua upande lilipo kaburi. Mwenye boti alipima kwa kasia na kamba, akateremsha tofali la kutia nanga, akasema kina ni kama watu wawili mmoja akimbeba mwenzake. Nikashuka nikifuata kamba kwa mikono.

Kina kile si kirefu, lakini mwanga ulikwisha nusu ya njia. Nilinyoosha mkono mbele yangu sikuuona. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa tangu jana. Nilipapasa magugu, nikapapasa waya, nikaguswa na kitu chenye miguu mingi nikapiga kelele ndani ya maji, nikatoka nikikohoa. Alikuwa kamba wa ziwani tu, wale wenye makoleo. Siku hiyo nilishuka mara kumi na tatu. Nilipata nguzo ya geti, sufuria bila kitako, na jiwe la kusagia la mama yangu. Sikupata kaburi.

Nililala gesti, nikarudi asubuhi. Mshuko wa pili, goti langu likagonga ukingo ulionyooka.

Nilijua papo hapo, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika mbao wakati fundi anamwaga. Juu yake palikuwa na tope laini, zito kama uji, kina cha vidole viwili. Nilipiga picha moja kwanza, kama nilivyofundishwa, bila kugusa kitu. Nikatoka, nikaangalia kwenye kioo cha kamera. Kahawia tupu.

"Umempata?" mwenye boti akauliza.

"Nimempata. Amefunikwa."

Nikashuka tena, nikapunga mkono taratibu juu ya tope bila kuligusa, likanyanyuka lote. Nikatoka, tukangoja litulie. Mwenye boti alinipa chai ya chupa, na nilimpenda kwa hilo. Niliporudi chini nilitanguliza vidole, na vidole vikapata mstari. Mstari uliosimama. Kando yake mviringo. Zilikuwa herufi mbili za kwanza, nilizisoma kama kipofu, na nilisahau kwamba nina pumzi ya kuhesabu. Nilitoka juu nikilia na kucheka, makamasi yamejaa kwenye miwani. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Ilidumu labda nusu saa.

Picha niliyopiga niliposhuka tena ilionyesha herufi zile, lakini kwa shida. Ukoga ulikuwa umeziziba, kijani juu ya kijivu, na flashi ilikuwa imemwaga vile vidoa vyeupe. Aliyejua jina angeweza kulibahatisha. Mtu mwenye akili angepiga nyingine kumi za namna hiyo, akasogeza flashi pembeni, akaenda nyumbani kwa mkewe.

Lakini kulikuwa na uchafu. Mimi ningewezaje kumpelekea mke wangu picha ya jina la mwanawe likiwa na uchafu? Nilikuwa nimekuja na burashi ya kufulia, ile ya nyuzi ngumu, kama vile nilivyobeba kitana na vaselini maisha yangu yote. Nilisema nisafishe kidogo tu, jina lisimame vizuri.

Nilishuka mara nne kusugua. Chini ya maji huoni unachofanya, unasikia kwa mkono tu, na mkono ukasikia mambo yanaenda vizuri, utelezi unatoka, panakuwa safi. Mara ya nne nikasikia vipande vinatoka chini ya burashi, vyembamba, kama maganda ya kiazi kilichochemshwa. Nikadhani ni ukoga uliokauka. Nikasugua hivyo hivyo.

Tulingoja tope litulie kuliko tulivyowahi kungoja. Jua likapanda, mwanga ukafika chini kidogo. Nikashuka polepole, flashi nimeisogeza pembeni, kasha safi, pumzi nimeipanga, nikasogea karibu, nikasogea tena, nikapiga mara tano bila kuona zaidi ya ukungu. Kila kitu nilichofundishwa nilikifanya. Kabla ya kupanda nikanyoosha kidole nizipapase tena herufi, nimuage.

Palikuwa na zege lenye mchanga, gumu, kavu kwa mguso hata ndani ya maji. Nikadhani nimekosea upande. Nikapapasa kutoka ukingo hadi ukingo. Niru yote ilikuwa imebanduka. Nilichimba tope kando kwa mikono yote miwili, nikitafuta vile vipande, na kila nilichoshika kikamong'onyoka kikawa uji. Nikasikia kasia inagonga boti mara mbili. Sikutoka. Ikagonga tena, na nilipopanda kuvuta pumzi nirudi chini, mkono ukanishika nywele.

"Unataka kufa?" mwenye boti alifoka, akiniburuta juu ya ukingo. Kiboko alikuwa mbali bado, masikio tu juu ya maji, akitutazama. "Boss, nimekuuliza, unataka kufa?"

Sikumjibu kwa sababu jibu halikuwa hapana.

Njiani kurudi nilishindwa kuendesha, nikaegesha Kikopey, penye vibanda vya nyama choma. Moshi wa nyama ulikuwa umejaa hewani, watu wanakata mbavu na kachumbari na kucheka vinywa wazi. Nilikaa garini nikaangalia zile picha tano. Zilikuwa kali, zimenyooka, mwanga mzuri wa pembeni, kila chembe ya mchanga inahesabika. Ndizo picha bora nilizowahi kupiga chini ya maji, na zote ni za zege tupu. Nikatafuta ile ya kwanza ya herufi mbili. Haikuwepo. Botini, wakati nangoja, nilikuwa nimeifuta, kwa sababu haikuwa nzuri na nilijua nitapiga nyingine.

Mke wangu alikuwa mezani anachambua ndengu. Sikuvua viatu. Nilimwekea kamera mbele yake, akaitazama, akajipangusa mikono, akaitazama tena.

"Ni safi sana," akasema. "Jina liko wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia juu ya burashi na niru na jinsi nilivyoipaka juu ya zege kavu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamwambia na ya Mau Narok. Kwamba kadi haikufa. Kwamba hakukuwa na fundi Nairobi. Kwamba nilijua Jumatatu ile ile, mtoto akiwa hapo hapo sebuleni, na nilikuwa na Jumapili ya kumpiga picha nikaenda Gilgil.

Hakulia na hakunitukana. Ningelipa chochote anitukane. Alirudi kwenye ndengu, akatoa jiwe moja, akaliweka pembeni, akatoa lingine. Halafu akasema bila kuniangalia, "Alikuwa na alama."

"Nyuma ya sikio."

"Sikio gani?"

"La kushoto."

Mikono yake ikasimama. "La kulia," akasema.

"Kushoto, mama. Kwenye picha alikuwa amegeuza kichwa hivi."

"Mimi nilikuwa nanyonyesha nikiiona. Ilikuwa kulia."

Aliinuka akaenda chumbani, akarudi na kitabu cha kliniki. Tulikisoma pamoja, vichwa karibu, jambo ambalo hatujalifanya kwa miaka. Uzani wa kuzaliwa. Chanjo. Nukta tatu. Hakuna aliyeandika chochote kuhusu masikio. Nilifumba macho nimtafute, nikapata kitanda, nikapata dirisha na mwanga wa upande, nikapata kichwa kimegeuka, na nikaelewa kwamba ninachokumbuka ni ile picha. Mtoto mwenyewe simpati. Na hata hiyo picha sijui tena kama naikumbuka ilivyokuwa.

"Kulia," akasema tena, kwa sauti ndogo, na safari hii sikujua kama ananiambia au ananiuliza.

Kitabu bado kiko pale mezani. Yeye anamwona na alama kulia, mimi namwona na alama kushoto. Mmoja wetu amemsahau mtoto wetu, na hatutajua ni nani.